Tabofani za mwanzo zenye aftabena: TF30 ilionewa, au kweli ilikuwa injini mbovu?

#1 Mtambo_Baridi

Wakuu, habari za humu jukwaani.

Kila ukianzishwa uzi wa F-14 au F-111, ndege za kivita za Marekani, haufiki ukurasa wa pili kabla mtu hajaitukana TF30, injini yao. "Injini mbovu", "injini ya kuua marubani", basi, mjadala umefungwa. Mimi nimeshika JT8D, injini ya ndege za abiria, karakana kwa miaka mingi, na hiyo ni ndugu wa karibu wa injini tunazozungumzia. Matusi hayo yananiuma. Leo nataka tulichambue jambo hili mpaka mwisho. Hoja yangu ni moja: kilichowatesa watu miaka ya 1960 na 1970 hakikuwa uzembe wa kiwanda kimoja. Ilikuwa tabia ya aina nzima ya injini, na kila aliyethubutu kuijenga alikutana nayo kwa namna yake.

Wanaojua msingi wanivumilie kidogo.

Tabojeti inavuta hewa, kompresa inaibana, mafuta yanachomwa, gesi inazungusha tabaini kisha inatoka nyuma kwa kasi. Bledi za tabaini zina kiwango cha joto zinachovumilia, kwa hiyo hewa nyingi inapita kwenye chemba ya kuchomea bila oksijeni yake kutumika. Aftabena inaitumia hiyo iliyobaki. Nyuma ya tabaini kuna bomba refu, unanyunyiza mafuta mengine humo, unawasha. Huko hakuna bledi inayozunguka, joto linaweza kupanda sana na msukumo unapanda nalo. Ila ukiwasha, nozeli ya nyuma lazima ipanuke wakati huohuo, kwa sababu gesi iliyopata moto inadai nafasi kubwa zaidi ya kutokea.

Kwenye tabofani, feni ya mbele inasukuma hewa nyingi kuliko ile inayoingia kwenye moyo wa injini. Ya ziada inapita pembeni, kwenye njia inayouzunguka moyo, wala haigusi moto. Faida ni ulaji wa mafuta. J79 iliyokuwa kwenye ndege za kivita za Phantom za Marekani, tabojeti tupu, bila aftabena ilikula karibu paundi 0.85 za mafuta kwa saa kwa kila paundi ya msukumo. RM8, tabofani ya Wasweden, ilikula karibu 0.64. Hapo umeokoa robo ya mafuta.

Halafu ile hewa ya pembeni inafika nyuma ikiwa na oksijeni yake yote. Ichome, uone inachotoa. J79-GE-17 ilipanda kutoka karibu paundi 11,900 za msukumo hadi 17,900, nyongeza ya asilimia 50. Spey, tabofani ya Rolls-Royce, ilipanda kutoka 12,250 hadi 20,515, asilimia 67. RM8A ilitoka kilonewtoni 65.7 hadi 115 na ushei, zaidi ya asilimia 75. Gharama yake nayo ipo: aftabena ikiwaka, J79 ilikula karibu 2 kwa kipimo kilekile, RM8 karibu 2.5. Kwa hiyo ni injini ya kwenda mbali kwa mafuta machache, halafu kukimbia kama umechanganyikiwa kwa dakika chache.

Na hicho ndicho Marekani ilichokitaka mwaka 1961, pale waziri wa ulinzi McNamara alipoamuru Jeshi la Anga na Jeshi la Majini washirikiane ndege moja, mradi wa TFX. Ndege iende mbali, ipite chini kabisa kukwepa rada ikiwa na kasi kuliko sauti, na ikipanda juu ifike Mach 2.5, yaani mara mbili na nusu ya kasi ya sauti. Tabojeti ya wakati ule isingeweza kufanya yote hayo kwa tangi la mafuta linalobebeka. Pratt & Whitney walikuwa na JTF10A, ambayo jeshi liliiita TF30. Hapa wengi hawajui: injini hiyo ilikuwa imepangiwa ndege ya Douglas F6D Missileer, ndege ya kuzunguka angani polepole kwa masaa ikiwa na makombora ya masafa marefu, isiyofika hata kasi ya sauti. Missileer ikafutwa mwishoni mwa 1960. Injini ya kuzunguka polepole ikaongezewa aftabena na kupewa kazi ya Mach 2.5.

General Dynamics walipata kandarasi Novemba 1962, na F-111A iliruka mara ya kwanza tarehe 21 Desemba 1964 kutoka Carswell, Texas. Ndiyo ndege ya kwanza ya uzalishaji kutumia tabofani yenye aftabena. Matatizo hayakuchelewa. Kwenye kasi kubwa, au pua ikiinuliwa sana, kompresa ilikuwa inastoli.

Nitaendelea. Karibuni.

#2 Kaskazi

Mkuu, nondo zimetulia, lakini mimi siko upande wako. Mwaka 1984 John Lehman, waziri wa Jeshi la Majini la Marekani, aliliambia bunge lao kwamba TF30 ni injini mbaya sana na kwamba asilimia 28 ya F-14 zilizopotea zilipotea kwa sababu ya injini. Huyo si mshabiki wa mtandaoni. Yeye mwenyewe alikuwa afisa wa akiba wa jeshi hilo anayeruka na ndege zake. Unamjibuje?

#3 Bint Pangani

Naomba wataalamu msiendelee mkatuacha. Maswali mawili. Kwanza, kompresa "kustoli" ni nini hasa? Najua ndege inastoli, bawa linakosa mnyanyuo. Pili, hewa ndani ya hilo bomba inakwenda kwa kasi ya kutisha, moto unabakije pale bila kupeperushwa?

#4 Mtambo_Baridi

Kaskazi, jibu lako linakuja, na nitalipa nafasi inayostahili. Nianze na dada.

Bint Pangani, bledi ya kompresa ni bawa dogo. Nayo ikipigwa na hewa kwa pembe mbaya inastoli kama bawa la ndege. Kompresa ina safu nyingi, kila safu inasukuma hewa kwenda mahali penye presha kubwa kuliko ilikotoka. Kazi hiyo si ya asili, hewa inataka kurudi. Safu ikishindwa, hewa iliyobanwa inageuka na kurudi mbele kwa kishindo. Rubani anasikia mlio kama bomu, wakati mwingine moto unatokea mdomoni mwa injini. Ikipona yenyewe ni sawa. Isipopona, mafuta yanaendelea kumwagwa huku hewa ya kupooza haipiti, tabaini inaungua ndani ya sekunde chache.

Kuhusu moto: ndani ya bomba kuna vyuma vilivyokunjwa kama herufi V, ncha ikitazama mbele. Nyuma yake hewa inatulia na kujizungusha, moto unajificha hapo, kama unavyokinga njiti ya kiberiti kwa kiganja upepo ukivuma. Kutoka kwenye kificho hicho ndipo unapowasha mchanganyiko unaopita.

Sasa sikilizeni vizuri, maana uzi wote umesimama hapa. Kwenye tabojeti, aftabena iko nyuma ya tabaini. Aftabena ikiwaka kwa kishindo, presha ikapanda ghafla kwenye bomba, mshtuko ukitaka kurudi mbele unakuta tabaini. Katika bledi za mwanzo za tabaini gesi inapita ikiwa imefikia kasi ya sauti, na mshtuko wa nyuma hauwezi kuipanda kwenda mbele. Kompresa inalindwa.

Kwenye tabofani moyo wa injini umelindwa hivyohivyo, lakini njia ya pembeni haina kitu. Ni bomba tupu kutoka kwenye aftabena hadi mgongoni mwa feni. Mshtuko ule unasafiri kwa kasi ya sauti na kuigonga feni moja kwa moja. Feni inastoli, hewa inayoingia kwenye moyo inavurugika, na kompresa ya moyo nayo inafuata. Yaani kitendo cha kuwasha aftabena, ambacho rubani wa J79 alikifanya bila kukiwazia, kwa tabofani ni kitendo kinachoweza kuzima injini.

Na kuwasha kwenyewe ni kugumu zaidi. Hewa ya pembeni ni baridi ukilinganisha na gesi ya tabaini, hasa ukiwa juu sana na mwendo mdogo. Mafuta yanayonyunyizwa humo hayageuki mvuke haraka, yanapita yakiwa matone. Yakichelewa kushika moto yanalimbikizana, halafu yanashika yote kwa pamoja. Hicho ndicho kishindo tunachokiogopa.

Pratt & Whitney waliliona hili mapema. Aftabena ya TF30 waliigawa kanda tano, inawaka kanda moja baada ya nyingine huku nozeli ikifunguka kwa hatua. Marubani wa F-14 mpaka leo wanaposema "zone five" wanamaanisha kanda zote zimewaka. Mgawanyo ule haukuwa pambo, uliwekwa kuikinga feni.

#5 Ngurumo

Niongeze historia. Mleta mada kasema F-111 ndiyo ya kwanza ya uzalishaji, na hilo ni kweli. Lakini wazo ni la zamani kuliko watu wanavyodhani. Waingereza walipokuwa wanajenga Miles M.52 wakati wa vita vikuu vya pili, ndege ya majaribio ya kuvuka kasi ya sauti, injini yake ilikuwa W.2/700 ya kampuni ya Frank Whittle, Power Jets, ikiwa na feni nyuma inayozungushwa na gesi ya kutolea, kisha bomba la kuchomea mafuta tena. Feni ile ilikuwa inaleta hewa mpya ya kuchomea. Ukiitazama vizuri, hiyo ni tabofani yenye aftabena. Serikali yao ikaufuta mradi Februari 1946, ndege haikuruka.

Na huko Urusi, Arkhip Lyulka alipata hati ya ugunduzi wa injini ya njia mbili za hewa Aprili 1941, kabla Wajerumani hawajaivamia nchi yao. Miaka ishirini na zaidi ikapita kati ya wazo na kitu kinachoruka.

#6 Mtambo_Baridi

Ngurumo, ahsante sana. M.52 inanigusa, maana Whittle alikuwa ameshaelewa sababu yenyewe: hewa mpya ni oksijeni mpya.

Sasa Kaskazi. Maneno ya Lehman ni ya kweli na siyapingi. Ila ukiyasikiliza yote, alisema pia kwamba kuoanishwa kwa F-14 na TF30 pengine ndiko kulikuwa kubaya kuliko kote walikoona kwa miaka mingi. Kuoanishwa. Hapo ndipo nilipo mimi.

Turudi F-111 kwanza, kwa sababu somo lilianzia kule. Mdomo wa kuingizia hewa wa F-111 uko chini ya bawa, umebanwa kwenye ubavu wa ndege, na umewekwa nyuma sana. Ni robo ya duara, ndani yake kuna koni ya robo inayosogea. Hewa inayotambaa kwenye ubavu wa ndege inapoteza kasi kwa msuguano, na ikifika pale kwenye mdomo tayari imekuwa tabaka nene la hewa iliyochoka. Ikiingia kwenye injini, upande mmoja wa feni unapata hewa yenye nguvu na mwingine unapata hewa dhaifu. Njia ya kutoka mdomoni hadi kwenye feni nayo ni fupi, hewa haina nafasi ya kujipanga.

Tabojeti ya zamani ingeweza kuvumilia zaidi. Kwenye TF30 feni iko pale mbele, inapokea mchafuko wote, na ina njia ya pembeni mgongoni mwake inayoweza kumletea mshtuko wakati wowote. Imepigwa mbele na nyuma. General Dynamics walijenga mdomo, Pratt & Whitney walijenga injini, na kila mmoja alikuwa na namba zake zilizokaa sawa.

Lililonifurahisha kuliko yote ni kazi ya NASA pale Edwards, California. Walichukua F-111A, wakapachika vipimo vya presha vinavyosoma kwa kasi kubwa mbele ya feni, wakairusha mpaka zaidi ya Mach 2 na kuiacha istoli makusudi. Kabla ya hapo wahandisi walikuwa wanapima wastani wa presha, na kwa wastani mambo yalionekana mazuri. Vipimo vya haraka vikaonyesha kwamba hewa inatikisika, na kinachoangusha kompresa ni hali mbaya ya kitambo kifupi mno, kifupi kuliko ambavyo kipimo cha wastani kingeweza kuona. Kuanzia hapo kupima mchafuko wa kitambo kukawa sehemu ya kazi ya kila anayeunda mdomo wa ndege ya kivita. Watu wanaoitukana TF30 hawaitaji kazi hii kabisa.

Mdomo wa F-111 ukarekebishwa mara mbili. Marekebisho ya pili, yaliyoingia kuanzia F-111E, yaliusogeza mbali zaidi na ubavu. Na TF30 yenyewe ikakua: ya F-111A ilikuwa paundi 18,500, ile P-100 ya F-111F ilifika 25,100. Injini mbovu haikui hivyo.

#7 Kaskazi

Hapo kwa F-111 nakubali. Lakini F-14 ilikuwa na mdomo mzuri, uko mbali na ubavu, njia imenyooka. Na bado ilistoli.

#8 Mtambo_Baridi

Kweli kabisa, na F-14 ndiyo sehemu inayouma.

TF30 haikukusudiwa kubaki humo. F-14 iliruka kwanza 21 Desemba 1970, na mpango ulikuwa ndege za mwanzo tu ndizo zitumie TF30 mpaka injini mpya, F401, iwe tayari. F401 ikapata matatizo yake, fedha zikakatwa, na cha muda kikawa cha kudumu. Injini iliyozaliwa kwa ajili ya Missileer, ikakomaa kwenye mshambuliaji anayenyoosha njia, ikajikuta kwenye ndege ya kupigana angani, ambako rubani anapandisha na kushusha mkono wa nguvu kila sekunde huku pua imeinuka juu. Hakuna aliyeiunda kwa kazi hiyo.

Halafu injini za F-14 zimekaa mbalimbali, futi 9 hivi kati ya moja na nyingine. Moja ikistoli wakati nyingine iko kwenye aftabena kamili, ndege inavutwa upande mmoja kwa nguvu kubwa, na ikiwa mwendo ni mdogo inaweza kuingia kwenye mzunguko bapa ambao kutoka ni kazi. Marubani wakawa wanairusha injini badala ya kuirusha ndege. Zile TF30 za mwanzo za F-14, toleo la P-412, pia zilikuwa na tatizo la bledi za feni kukatika na kutoboa ganda, hilo ni kosa la injini yenyewe na silitetei. Toleo lililofuata, P-414A, lililirekebisha kwa kiasi kikubwa.

Watu walikufa, Kaskazi. Luteni Kara Hultgreen, mwanamke wa kwanza kupangiwa F-14 katika jeshi lile, alipotea tarehe 25 Oktoba 1994 akiwa anakaribia kutua kwenye USS Abraham Lincoln. Injini ya kushoto ilistoli akiwa karibu na maji. Siandiki uzi huu kuyafuta hayo. Naandika kwa sababu ukisema "injini mbovu" na kuishia hapo, unamwachia aliyekataa kulipia mbadala wake kwa zaidi ya miaka kumi aondoke bila kuulizwa.

Mbadala ulipokuja, kuanzia 1987, ulikuwa F110 ya General Electric. Nayo ni tabofani yenye aftabena. Kwa hiyo aina ya injini haikuwa na kosa, ilikuwa changa.

#9 Msafiri_BNE

Wakuu, nimesoma Brisbane, Australia. Kule F-111C zilitumika mpaka Desemba 2010, zote na TF30. Kila mwaka kwenye tamasha la mto walikuwa wanapita juu ya jiji usiku wanamwaga mafuta na kuyawasha. Bomba la kumwagia mafuta kwenye F-111 liko mkiani katikati ya nozeli mbili, kwa hiyo mafuta yakitoka yanakutana na moto wa aftabena hapohapo. Unaona mkia wa moto mrefu kuliko ndege yenyewe mara nyingi, halafu sauti inakufikia baadaye na kioo cha dirisha kinatetemeka. Watu wazima walikuwa wanalia kwa furaha. Sikujua kama ile injini ina historia nzito hivi.

#10 Kitasa

Mleta mada umesema JT8D ni ndugu wa karibu, halafu hujarudi hapo. Tunasubiri.

#11 Mtambo_Baridi

Kitasa, hapa ndipo raha yangu ilipo, nitakaa kidogo.

Wanaokumbuka Boeing 737-200 za Air Tanzania wanakumbuka ule mngurumo. Ile ni JT8D. Ukifungua kava zake, moyo wa injini huuoni. Unachokiona ni ganda la njia ya pembeni, linaanza kwenye feni na kufunika injini nzima mpaka nyuma. Kuvifikia vikopo 9 vya kuchomea lazima ulivue kwanza ganda hilo, na ukishalivua unaona nafasi iliyobaki katikati: mahali ambapo karibu nusu ya hewa yote inapita bila kuguswa na moto. Nyuma kabisa, hewa baridi na gesi ya moto zinatokea bomba moja. Nilipokuwa nasafisha sehemu ile nilikuwa nafikiria kila mara: hapa ukiongeza vinyunyizio na vyuma vya V, umemaliza.

Wasweden walifanya hivyo. Saab walitaka injini ya Medway ya Rolls-Royce kwa ajili ya ndege yao ya kivita, Viggen, Medway ikaachwa na wenyewe, wakageukia JT8D, injini ya Boeing 727. Volvo Flygmotor pale Trollhättan wakaijenga upya na kuiita RM8. "Kujenga upya" nimelitumia kwa makusudi, maana haikuwa kazi ya kuunganisha bomba nyuma. Ukiruka Mach 2 juu kule, ambako nje kuna baridi ya nyuzi 56 chini ya sifuri, hewa inayosimamishwa mdomoni mwa injini inapata joto la nyuzi 117. Injini ya abiria haijawahi kupokea hewa ya namna hiyo, kwa hiyo madini ya sehemu nyingi yalibadilishwa. Na aftabena yenyewe, na nozeli yake, iliifanya RM8 iwe na urefu wa zaidi ya mita 6, wakati JT8D ina karibu mita 3. Nusu nzima ya injini ni chombo cha kuchomea mafuta mara ya pili.

Viggen iliruka tarehe 8 Februari 1967. Sweden ilipanga ndege zake zitue kwenye vipande vya barabara vya mita 500 iwapo viwanja vingepigwa, kwa hiyo wakaongeza kitu ambacho hakuna mpiganaji mwenye aftabena aliyekuwa nacho: kugeuza msukumo. Nyuma ya nozeli kuna milango mitatu. Rubani anaitayarisha akiwa bado angani, gurudumu la mbele likigusa chini na mguu wake kubonyea, milango inajifunga na gesi inatupwa mbele. Nimeangalia picha za video za kutua kule kwenye theluji mara nyingi na sichoki.

Je, walikwepa kustoli? Hapana. RM8A ilikuwa sawa kwa AJ 37, Viggen ya kushambulia ardhini. Walipotaka JA 37 ya kupigana angani, ambayo inakunjwa na kuinuliwa pua zaidi, walilazimika kuigusa sehemu ya mbele: RM8B ikawa na safu tatu za feni badala ya mbili, hewa ikatulia, na msukumo ukafika kilonewtoni 125. Oneni wenyewe, tatizo ni lilelile la F-14: kutoka kushambulia kwenda kupigana. Tofauti ni kwamba hawa walibadilisha injini kabla ya kuigawa kwa vikosi.

#12 Kaskazi

Haya, hapo umenishika. Nami niwape ya Waingereza, kwa sababu Spey umeitaja kwa namba tu.

Walinunua Phantom lakini wakasisitiza iwe na Spey yao. Spey ni pana kuliko J79 na inataka hewa nyingi, kwa hiyo midomo ya hewa ikaongezwa eneo kwa asilimia 20 na kiwiliwili cha nyuma kikapanuliwa. Ndege ikawa na nguvu chini na masafa marefu zaidi, lakini huko juu kasi yake ya mwisho ikawa ndogo kuliko ya Mmarekani mwenye J79. Iliruka Juni 1966.

Kwenye manowari zao ndogo za kubeba ndege ndipo penye kisa. Ukikosa kamba inayoinasa ndege inapotua unatakiwa kuondoka tena mara moja, na Spey ilikuwa inachelewa kuwasha aftabena, hilohilo la kuwasha kwa hatua ili feni isipigwe. Ikabidi itengenezwe Mk 203 yenye udhibiti wa kuwasha haraka. Na moto wake ulikuwa mkali kwa sitaha. Kwenye majaribio ya HMS Eagle walifunga bamba nene la chuma kwa minyororo juu ya sitaha ili lipokee joto. HMS Ark Royal iliwekewa ngao za kukinga moto zinazopozwa kwa maji.

China ilinunua leseni ya Spey hiyo mwaka 1975, ikaiita WS-9, na ndiyo inayobeba ndege yao ya kivita ya JH-7. Kwa hiyo kizazi hiki hakijafa.

#13 Bint Pangani

Nimeelewa kuliko nilivyotarajia, Mungu awabariki. La mwisho: kama tabofani inakula kidogo, kwa nini Concorde ilitumia tabojeti?

#14 Ngurumo

Dada, jibu liko kwa mpinzani wake. Tu-144 ya Warusi iliruka 31 Desemba 1968 na NK-144 ya Kuznetsov, tabofani yenye aftabena. Ili ishikilie Mach 2 ililazimika kuacha aftabena ikiwaka njia nzima. Concorde, yenye tabojeti ya Olympus, ilitumia aftabena kuruka na kuvuka kasi ya sauti, kisha inazima na kusafiri bila hiyo. Hewa baridi ya pembeni inatoka polepole mno kwa safari ya Mach 2, lazima uichome ndipo isaidie, na ukiichoma ulaji unapanda sana, kama alivyoeleza mleta mada. Kukimbia dakika chache sawa, masaa mawili hapana. Warusi wenyewe walihamia tabojeti kwenye Tu-144D. Safari za abiria zilikuwa 55 tu, kati ya Novemba 1977 na Juni 1978, Moscow na Almaty.

#15 Kitasa

Swali kwa mleta mada kabla uzi haujalala. Kama kosa ni la aina na si la TF30, basi injini iliyofuata ya Pratt & Whitney, F100 ya F-15, nayo ingepaswa kuonyesha dalili. Ilionyesha?

#16 Mtambo_Baridi

Ilionyesha, Kitasa, na huu ndio ushahidi wangu mkubwa.

F-15 iliruka 27 Julai 1972. F100 ilikuwa nyepesi, ya kisasa, imeundwa tangu mwanzo kwa ajili ya kupigana angani, na mdomo wa F-15 ni mzuri kweli. Vikosi vilipoipokea, ikaanza kustoli na kukwama: kompresa inastoli, hairudi, mizunguko inashuka, joto la tabaini linapanda, rubani hana budi kuizima na kuiwasha upya angani. Walipofuatilia, chanzo kimoja kikubwa kilikuwa aftabena. Ukiwa juu sana na mwendo mdogo mafuta yanachelewa kushika, halafu yanashika kwa kishindo, mshtuko unapita kwenye njia ya pembeni mpaka mgongoni mwa feni. Ni njia ileile niliyoieleza kwenye #4.

Tiba yake inaeleza yote. Ule ukingo unaogawa hewa ya moyo na hewa ya pembeni waliusogeza mbele karibu kabisa na feni, ili mshtuko unaorudi usipate nafasi ya kuzunguka kona na kuingia kwenye moyo. Kisha ukaja udhibiti wa kidijitali kwenye F100-PW-220, kompyuta inayopima mafuta ya aftabena na uwazi wa nozeli kwa pamoja, kwa haraka ambayo mikono ya majimaji na kamu za TF30 haikuweza kuifikia. Baada ya hapo rubani wa F-15 akawa anausogeza mkono wa nguvu anavyotaka, popote alipo angani.

Wahandisi wa TF30 walilijua tatizo mwaka 1964. Kompyuta ya kulitatua haikuwepo.